DIZELI ILIVYOTOKA KUBURUZWA MPAKA KUBURUZA: Historia ya Turbo na Mafundi Wasiojulikana Majina

Kuna kamluzi fulani kembamba ambako mtu wa magari akikasikia lazima ageuze shingo. Kanatoka chini ya boneti pale dereva wa dizeli anapokanyaga mafuta, kanapanda taratibu, halafu gari inaondoka kama imesukumwa mgongoni. Siku hizi hata gari ya kusambaza mikate inako. Lakini miaka hamsini tu nyuma, gari ndogo ya dizeli ilikuwa kichekesho barabarani. Ilikuwa inapitwa na kila kitu chenye magurudumu.

Wengi wanajua kwamba viwanda vikubwa ndivyo vilivyobadilisha hali hiyo, na ni kweli. Ila ni nusu ya stori. Nusu nyingine ni ya mafundi wa gereji za uchochoroni, Marekani, Ulaya, Australia mpaka Afrika Mashariki, waliochukua injini zilizozaliwa bila turbo wakazifungia turbo wenyewe. Majina yao hayapo kwenye vitabu. Wengine walipata kazi ya maisha. Wengine walibaki wameshika pistoni yenye tobo katikati, mwenye gari amesimama mlangoni anasubiri majibu.

MOSHI ULIOKUWA UNATUPWA BURE

Injini ya dizeli yenyewe ni kazi ya Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata hataza yake mwaka 1892 na kuonyesha injini iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897. Miaka minane baadaye, 1905, mhandisi wa Uswisi anaitwa Alfred Büchi akapeleka wazo ambalo wengi waliliona la ajabu. Aliona kwamba moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na nguvu nyingi, na nguvu hiyo inaenda kupotea hewani. Akasema moshi huo uzungushe kifeni, kifeni kile kizungushe kingine kwenye shafti moja, na hicho cha pili kiwe kinashindilia hewa safi kurudi ndani ya injini.

Ukitaka kuelewa kwa haraka, fikiria jiko la mkaa. Unaweza kujaza mkaa mpaka juu, lakini kama hupepei, utapata moshi tu na maharage hayaivi. Injini ni hivyo hivyo. Pampu inaweza kumwaga dizeli nyingi inavyotaka, ila kama hewa haitoshi, dizeli haiungui yote, inatoka nyuma kama wingu jeusi. Turbo ndiyo kipepeo, na uzuri wake ni kwamba kinazungushwa na moshi wa jiko lenyewe.

Wazo lilikuwa tamu, vyuma vya enzi hizo ndivyo vilivyokuwa tatizo. Kifeni cha turbo kinazunguka kwa kasi ya kutisha, kwenye turbo za gari ndogo kinapita mizunguko 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja unapigwa na moshi wa moto mkali. Ilibidi Büchi asubiri sana. Katikati ya miaka ya 1920 ndipo meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipopata injini za dizeli zenye mfumo wake. Nguvu ikapanda kutoka farasi 1,750 mpaka 2,500 kwa kila injini, injini ikiwa ni ya ukubwa ule ule. Hapo wenye meli wakaacha kucheka.

Kutoka majini turbo ikapanda nchi kavu. Saurer ya Uswisi ikaifunga kwenye injini ya lori mwaka 1938. Vita ya Pili ikaipeleka angani, ndege za Marekani kama B-17 zikawa zinapanda juu kwenye hewa nyepesi kwa msaada wake. Vita ilipoisha, MAN ya Ujerumani ikatoa lori la turbo mwaka 1951, Volvo ikafuata na Titan Turbo mwaka 1954. Madereva wa malori wakaanza kupanda milima kwa gia za juu kuliko walivyozoea.

DIZELI ILIYOONGOZA MSTARI INDIANAPOLIS

Kabla gari ndogo hazijafikiwa, kuna kituko kimoja ambacho kila mpenda dizeli anatakiwa akijue. Mwaka 1952, kampuni ya injini za malori ya Cummins ilipeleka gari ya mashindano yenye injini ya dizeli kwenye mbio za Indianapolis 500. Injini ilikuwa ya lita 6.6, imelazwa ubavu ili gari iwe chini, na ilikuwa na turbo.

Watu walicheka mpaka siku ya kupima muda. Dizeli ile ikazunguka kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa na kuchukua nafasi ya kwanza kabisa kwenye mstari wa kuanzia. Lori limekaa mbele ya magari ya mbio!

Ila siku ya mbio mambo yakageuka. Mdomo wa turbo wa kuvutia hewa ulikuwa umewekwa chini mbele, na barabarani kulikuwa na vipande vya mpira vilivyomeguka kwenye matairi. Turbo ikavimeza kimoja kimoja mpaka ikaziba. Mzunguko wa 71 kati ya 200, gari ikapaki ikitoa moshi.

Somo lile lilikuwa la kila fundi aliyekuja baadaye: turbo inavuta kila kitu unachoiwekea mbele yake. Fundi anayefunga turbo leo akaacha kichujio cha hewa kibovu au hosi paipu yenye ufa, anarudia kosa la 1952.

GARI NDOGO ZILIKUWA ZINAJIBURUZA

Upande wa gari ndogo, Mercedes-Benz ilitoa 260 D mwaka 1936. Ilikuwa na nguvu ya farasi 45, hata kilomita 100 kwa saa ilikuwa haifiki. Madereva wa teksi waliipenda kwa sababu moja: haili mafuta. Sifa hiyo ikashika kwa miaka arobaini. Dizeli ni ya teksi, ni ya mzee mwenye subira, ni ya mtu anayehesabu senti.

Na kweli zilikuwa nzito. Mercedes 200 D iliyotoka mwaka 1976 ilikuwa na farasi 55, na kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa ilitumia kama sekunde 31. Ukitaka kupita lori, unapanga mapema kama unapanga harusi.

Afrika Mashariki iliijua dizeli ya aina hii kupitia Peugeot 504, gari ambayo Kenya ilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi. Ile ya lita 2.3 ilikuwa na farasi 70. Ilikuwa ngumu, haikati tamaa, inapita kwenye vumbi na mashimo. Ila ikifika kwenye kilima na mizigo juu ya kapeti, dereva anashusha gia, anashusha tena, halafu anaomba Mungu.

NARDÒ, 1976

Kilichovunja mwiko ni gari ya majaribio ya Mercedes iitwayo C111. Juni 1976 wahandisi walichukua injini ya dizeli ya lita 3, silinda tano, ile ile familia iliyokuwa kwenye gari za kawaida za Mercedes zenye farasi 80. Wakaiwekea turbo na intakula ya kupoza hewa, ikafika farasi 190. Wakaipeleka kwenye barabara ya duara ya Nardò, kusini mwa Italia, wakaiachia. Madereva wakapokezana kwa saa 64, na wastani ukawa kilomita 252 kwa saa. Rekodi zikaanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1978 wakarudi na toleo lenye farasi 230, safari hii wakapita kilomita 300 kwa saa.

Haikuwa maonyesho tu. Marekani sheria mpya ilikuwa inawabana watengeneza magari: kuanzia magari ya mwaka 1978, wastani wa ulaji mafuta wa magari yote ambayo kampuni inauza ulitakiwa ufike kiwango fulani. Mercedes ilikuwa inauza magari makubwa yanayokunywa mafuta. Jibu likawa 300 SD ya mwaka 1978, gari ya kwanza ya abiria kutengenezwa kiwandani kwa wingi ikiwa na dizeli ya turbo. Iliuzwa Amerika Kaskazini, ikiwa na farasi 115. Mwaka uliofuata Peugeot ikaleta Ulaya 604 ya turbo dizeli, injini ya lita 2.3 ya ukoo ule ule wa 504, kutoka farasi 70 ikaenda 80. Volkswagen nayo ikatoa Golf GTD mwaka 1982, lita 1.6, kutoka farasi 54 mpaka 70.

MAFUNDI WAKAANZA KUPIGA HESABU

Sasa basi, hapa ndo stori inahamia gereji.

Fundi yeyote mwenye macho aliona kitu kimoja. Injini ya 300 SD na injini ya 300 D ya kawaida ni ndugu wa tumbo moja. Lita zile zile, silinda tano zile zile. Moja ina farasi 80, nyingine 115. Tofauti ni farasi 35, na nje inayoonekana ni turbo na manifoldi yake. Kwa hiyo ukipata gari ya turbo iliyogongwa nyuma, mbele nzima, kwa nini usifungue vile vitu ukahamishia kwenye gari ya mteja?

Wakafungua. Kwenye yadi za magari chakavu, turbo za dizeli zikawa dili. Wengine walichonga manifoldi kwa kuchomelea mabomba. Kampuni ndogo nazo zikaanza kuuza seti nzima kwa mtu anayetaka kufunga mwenyewe.

Mfano mzuri ni pickup za Ford. Mwaka 1983 zilianza kuuzwa na dizeli ya lita 6.9 isiyo na turbo, baadaye ikawa lita 7.3. Watu wa mashamba na wavuta trela wakaziona hazina pumzi. Watengenezaji wa nje wakaziingizia turbo. Mwaka 1989 Dodge ikatoka na Cummins ya turbo toka kiwandani, mashindano yakawa makali. Ford wenyewe wakaja kuifungia turbo injini hiyo kiwandani mwaka 1993, miaka kumi baada ya kuanza. Yaani kwa muda wote huo uchochoro ulikuwa mbele ya kiwanda.

KILICHOKUWA HAKIONEKANI KWA NJE

Lakini pale pale ndipo wengi walipoumia. Kiwanda hakikufunga turbo tu kwenye 300 SD kikaenda kulala. Chini ya pistoni kiliweka vijibomba vya kurushia oili ili kupoza vichwa vya pistoni. Valvu za kutolea moshi ziliwekewa sodiamu ndani ili zipitishe joto haraka. Krenki iliimarishwa na pampu ya oili ikaongezwa uwezo. Vyote hivyo viko ndani, havionekani ukifungua boneti. Fundi aliyehamisha turbo peke yake alihamisha mdomo akasahau tumbo.

Dizeli ina bahati moja ambayo petroli haina. Kwa kuwa inabana hewa tupu, mafuta yanaingia mwishoni kabisa, haina ule ugonjwa wa kulipuka kabla ya wakati kila ukiongeza presha. Ndiyo maana turbo na dizeli zinapatana. Oldsmobile ilipojaribu turbo kwenye gari ya petroli mwaka 1962, ilibidi iwe na tangi dogo la mchanganyiko wa maji na methanoli ili injini isijiue.

Adui wa dizeli ni joto. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi kama 660. Moshi wa dizeli iliyobebeshwa mafuta mengi unaweza kupita hapo. Pistoni inasalimika kwa sababu joto linakimbia kupitia ringi, kuta za silinda na oili. Ukizidisha mafuta na kukanyaga mlima mrefu bila kupumzika, joto linaingia kuliko linavyotoka. Kwanza kichwa cha pistoni kinalainika, halafu kinatoboka. Au hedi inapata ufa katikati ya valvu. Au gasketi inaungua na maji yanaingia kwenye oili.

Kitu wengi walichelewa kukijua ni hiki: siyo turbo inayoua injini, ni bisibisi. Turbo ikifungwa bila kugusa pampu, hewa inaongezeka, moshi unapungua na hata joto la moshi linaweza kushuka. Ila gari haipati nguvu ya maana, kwa sababu mafuta ni yale yale. Hapo mteja anarudi analalamika, amelipa hela na gari haivuti. Fundi anachukua bisibisi, anazungusha skrubu ya mafuta kwenye pampu robo. Gari inachangamka. Mteja anafurahi, anasema ongeza. Robo nyingine. Injini nyingi zimekufa kwenye hiyo robo ya pili.

Waliojifunza waliweka geji mbili kwenye dashibodi, moja ya presha na moja ya joto la moshi. Kwa injini ya zamani ambayo haikuzaliwa na turbo, wenye busara walibaki kwenye presha ndogo, kama nusu ya bar au zaidi kidogo. Sababu ni kwamba injini hizo tayari zinabana hewa sana, karibu mara 21 au 22, na ukiisukumia hewa nyingine juu yake, boliti za hedi ndizo zinazobeba mzigo.

Kuna na oili. Turbo inaelea kwenye oili, bila oili inakufa ndani ya sekunde chache. Mafundi walichukua oili kwenye tundu la svichi ya presha, hiyo rahisi. Kosa lilikuwa kwenye bomba la kurudishia. Linatakiwa liwe pana na lishuke moja kwa moja, kwa sababu hakuna pampu inayoirudisha oili, inarudi kwa kushuka tu. Likiwa jembamba au limepinda, oili inajaa, inapita kwenye sili na kuingia kwenye hewa inayokwenda kwenye injini. Na dizeli haichagui, inaunguza hata oili yake yenyewe. Unazima svichi, injini inaendelea na inazidi kupanda mizunguko yenyewe mpaka ivunjike. Dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa kitu kigumu, siyo mkono. Wapo waliokimbia, na hawakukosea.

LAND CRUISER NA MILIMA

Kama kuna injini ambayo stori hii imeishi nayo mpaka leo, ni 1HZ ya Toyota. Lita 4.2, silinda sita, haina turbo, imeingia sokoni mwaka 1990. Hii ndo iko kwenye Land Cruiser nyingi za Afrika Mashariki, zile ambazo Tanzania watu wanaziita mkonga. Zimebeba watalii, wagonjwa, chanjo, maaskari na wahandisi wa barabara. Sifa yake ni kutokufa. Lawama yake ni kutokuwa na haraka.

Australia ndiko ilikogeuzwa sana. Watu wa kule wanavuta trela na boti kwa umbali mrefu kwenye joto kali, na mpaka 2007 Toyota ilikuwa inawauzia Land Cruiser za kazi zenye injini hiyo isiyo na turbo. Kufunga turbo kwenye 1HZ kukawa biashara kamili, ina seti zake, mafundi wake na ubishi wake. Ubishi mkubwa ni ule ule: uongeze mafuta kiasi gani? Kundi moja linasema kidogo tu, uendeshe miaka ishirini. Kundi lingine linataka gari ipae, na ndilo linalonunua hedi mpya.

Afrika Mashariki sababu ni nyingine, ni urefu kutoka usawa wa bahari. Ukiwa kwenye mita 2,000, kama sehemu nyingi za Njombe, hewa imepungua karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho kabla hata haijaanza kazi. Ongeza mlima wa Kitonga na mzigo nyuma, utaelewa kwa nini mwenye gari anaanza kuuliza bei ya turbo. Mafundi wanatafuta turbo za mtumba, wanachonga manifoldi, wanatengeneza. Nyingine zinadumu. Nyingine zinarudi kwa kamba.

Tena hata kiwanda kuzaa injini na turbo yake siyo kinga ya kila kitu. 2L-T ya Toyota, lita 2.4, ilitoka na turbo yake na bado ikajulikana kwa hedi kupata nyufa ikichemshwa.

MWISHO WA ENZI

Fiat Croma ya 1988 na Audi 100 TDI ya 1989 zilifungua ukurasa mwingine, dizeli za turbo zinazopuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda. Ile ya Audi ilikuwa na farasi 120 kwa lita 2.5. Baada ya hapo dizeli isiyo na turbo ikaanza kupotea kwenye gari ndogo, na leo kuikuta mpya ni kazi.

Lakini zile za zamani bado zinatembea, na kila siku kuna mtu mahali anamuuliza fundi kama yake inaweza kufungwa turbo. Jibu la kweli halijabadilika tangu enzi za yadi za magari chakavu. Inaweza, kama injini ni nzima, rejeta inapoza, oili inabadilishwa kwa wakati, na kuna geji ya joto inayoangaliwa. Kama injini imechoka, turbo haiiponyi. Inaiwahisha tu.

Na fundi mzuri anajulikana kwa kitu kimoja: mteja akisema ongeza, anarudisha bisibisi kwenye boksi.

Wadau mliowahi kufunga turbo kwenye dizeli ya zamani, iwe 1HZ, 3L au hata 504, ilidumu au ililia? Na ukipewa hela leo, ungefunga turbo au ungetafuta injini iliyozaliwa nayo? Tiririka hapo chini.